Kaida, Ukiushi na Mtindo: Suala la Lahaja katika Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili neno "mtindo" limetumiwa kwa mapana makubwa mno, hata mara nyingine msomaji hushindwa kutambua mhakiki amekusudia nini. Huambiwa kwamba mwandishi fulani ana lugha tamu, mwingine ana lugha nzito, na wa tatu ana lugha iliyosheheni tamathali. Huenda hukumu za namna hiyo zikawa za kweli, lakini hazithibitiki, kwa kuwa hazituonyeshi ni kitu gani katika lugha yenyewe kilicholeta huo utamu au huo uzito. Elimu ya mitindo ilizuka kwa ajili ya kuliziba pengo hili. Nia yake ni kumtaka mhakiki aoneshe kwa kidole: hapa, katika neno hili, katika mpangilio huu, ndipo ilipo athari unayoihisi.

Makala haya hayakusudii kueleza matawi yote ya elimu hiyo. Tumechagua suala moja tu, nalo ni uhusiano baina ya mtindo na kaida ya lugha. Tumelichagua kwa sababu katika ushairi wa Kiswahili suala hili limeleta mkanganyo ambao madhara yake hayaishii katika nadharia. Wanafunzi wetu wa shule za sekondari, na hata wa vyuo vikuu, hufundishwa kwamba mshairi anapoandika "mato" badala ya "macho", au "ndoo" badala ya "njoo", huwa ametumia uhuru wa mshairi, yaani ameruhusiwa kuivunja sarufi ili shairi lake lipate mizani na vina. Tutajaribu kuonyesha kwamba maelezo haya, kwa sehemu kubwa, si sahihi. Kwamba yanapingana na historia ya lugha yetu na pia na hesabu ya mizani yenyewe. Na kwamba elimu ya mitindo, ikitumiwa kwa uangalifu, hutupa njia iliyo bora zaidi ya kuyatazama maumbo haya.

2. Mtindo kama ukiushi na mtindo kama uteuzi

Wataalamu wa mitindo wa karne ya 20 walitofautiana katika mengi, lakini mawazo yao kuhusu kiini cha mtindo yaweza kukusanywa katika makundi mawili makuu.

Kundi la kwanza huuona mtindo kuwa ni ukiushi, yaani kuachana na kaida. Wazo hili lilitiwa nguvu na wanaisimu wa Prague, hususan Jan Mukařovský, ambaye mwaka 1932 alieleza kwamba lugha ya ushairi huyatokeza mbele yale ambayo katika lugha ya kawaida hupita bila kuangaliwa. Kabla yake, mwaka 1917, Viktor Shklovsky wa Urusi alikwisha kushikilia kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni, ili tukitazame upya. Kwa mujibu wa mawazo haya, kaida ni kama ukuta mweupe, na mtindo ni alama inayochorwa juu yake. Pasipo ukuta, alama haionekani.

Kundi la pili huuona mtindo kuwa ni uteuzi. Lugha humpa msemaji njia zaidi ya moja za kulisema jambo lile lile, au karibu lile lile, naye huchagua mojawapo. Charles Bally wa Geneva, aliyechapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu elimu ya mitindo ya Kifaransa mwaka 1909, alijishughulisha hasa na tofauti za hisia baina ya njia hizo. Katika Kiswahili mifano ni mingi. Twaweza kusema "mtu anayesoma", "mtu asomaye", au "mtu ambaye anasoma". Sarufi hairuhusu moja na kuzikataza nyingine. Zote tatu ni halali. Hata hivyo hazilingani. Ya pili ina mkatano na mara nyingi huleta ladha ya methali au ya hukumu ya jumla. Ya tatu ina mwendo wa polepole, nayo hufaa pale ambapo sentensi ni ndefu na mtajwa yuko mbali na kitenzi chake. Mwandishi anayependelea moja kuliko nyingine tayari ana mtindo, ijapokuwa hajavunja kaida yoyote.

Roman Jakobson, katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, alijaribu kuyaunganisha mambo haya kwa kueleza jinsi ushairi unavyoujenga mfuatano wa maneno juu ya msingi wa ulinganifu. Naye M.A.K. Halliday, katika uchunguzi wake wa mwaka 1971 juu ya riwaya ya William Golding iitwayo The Inheritors, aliongeza sharti ambalo kwetu ni la maana sana: si kila umbo linalojitokeza katika matini ni la kimtindo, lile lenye kazi katika maana ya matini nzima ndilo linalostahili jina hilo.

Kutokana na maelezo haya, maswali matatu hujitokeza, nayo ndiyo tutakayoyatumia katika sehemu zinazofuata. Kwanza, kaida tunayoipimia ni ya nani? Pili, je, mtunzi alikuwa na njia nyingine aliyoweza kuichagua? Tatu, umbo alilolichagua linafanya kazi gani?

3. Kaida ya nani?

Tuanze na swali la kwanza. Mhakiki anaposema kwamba "mato" ni ukiushi, kaida aliyo nayo kichwani ni Kiswahili sanifu. Basi yatupasa kukumbuka Kiswahili sanifu kilipatikana lini na kwa njia gani.

Katika karne ya 19 wamishenari walikuwa wamegawanyika. Wale waliokuwa Mombasa, wakifuata nyayo za Johann Ludwig Krapf aliyefika huko mwaka 1844, walifanya kazi zao kwa Kimvita, na kamusi kubwa ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 imejengwa juu ya lahaja hiyo. Wale waliokuwa Unguja, akiwemo Askofu Edward Steere, waliegemea Kiunguja. Mashindano haya hayakutatuliwa mpaka mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Na mwanzoni mwa mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake. Sababu za uchaguzi huo zilikuwa za kielimu, za kiutawala na za kibiashara. Haukuwa uamuzi kwamba lahaja nyingine zina sarufi mbovu.

Sasa na tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye huaminika alizaliwa karibu na mwaka 1776 na kufariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi na W. E. Taylor, yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940, kisha yakachunguzwa upya na Mohamed H. Abdulaziz katika kitabu kilichotoka mwaka 1979. Muyaka aliwatungia watu wa mji wake, katika lugha ya mji wake, juu ya mambo ya mji wake: siasa za Wamazrui na Seyyid Said, mapenzi, njaa, biashara na mizaha. Alipotumia maumbo ya Kimvita hakuwa akijitenga na kaida. Alikuwa ndani ya kaida kabisa. Kiswahili sanifu kilikuwa hakijazaliwa, na hakikuzaliwa ila miaka 90 hivi baada ya kifo chake. Kusema kwamba Muyaka aliivunja sarufi ya sanifu ni sawa na kumshitaki mtu kwa sheria iliyotungwa akiwa kaburini.

Hoja hii yaweza kuendelezwa hadi kwa tenzi za Kiamu na Kipate. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir zina maumbo ya lugha ya kaskazini ambayo kwa msomaji wa leo ni mageni. Ugeni huo, hata hivyo, ni wetu sisi. Haukuwamo katika matini siku yalipotungwa. Mhakiki anayeuchukua ugeni wake mwenyewe akauhesabu kuwa ni mbinu ya mtunzi amechanganya historia ya msomaji na mtindo wa mwandishi.

Yapo pia matatizo ya maandishi yenyewe. Tungo hizi kwanza ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo katika matumizi yake ya kale hazikuzitenga sauti zote za Kiswahili. Herufi moja iliweza kusomwa b, p au mb. Kila chapisho la hati za Kirumi, kwa hiyo, limepitia mikono ya mnukuzi aliyelazimika kuamua. Zaidi ya hayo, Kimvita hutofautisha sauti zenye mpumuo na zisizokuwa nao: "paa" la nyumba si "p'aa" wa porini, wala "kaa" la moto si "k'aa" wa pwani. Chapa nyingi haziuonyeshi mpumuo huo. Panapokuwa na mchezo wa maneno uliosimama juu ya tofauti hii, msomaji wa chapa huona neno moja lililorudiwa, ambapo msikilizaji wa Mombasa alisikia maneno mawili.

4. Ushahidi wa mizani

Huenda mtu akasema: hata kama ni hivyo, je, si kweli kwamba washairi hutumia lahaja ili wapate mizani? Dai hili lapimika, na ajabu ni kwamba halipimwi.

Chukua sentensi hii tuliyoitunga kwa ajili ya mfano: "Njoo uone kwa macho yako." Kwa Kimvita tutasema: "Ndoo uone kwa mato yako." Hesabu mizani ya kila moja: ni kumi na kumi. Vivyo hivyo "nchi" ina mizani miwili, na "nti" ina mizani miwili. "Mchanga" na "mtanga" ni mitatu kwa mitatu. "Njia" na "ndia", "njaa" na "ndaa", "kucheka" na "kuteka", yote yanalingana. Sehemu kubwa ya tofauti baina ya Kimvita na Kiunguja ni ya konsonanti, na konsonanti hazibadilishi idadi ya silabi. Mshairi hapati mzani hata mmoja wa ziada kwa kuacha "macho" na kushika "mato".

Atakayebaki na hoja ya vina atakuwa na haki zaidi, kwani "mato" huweza kuoana na "moto" na "kito", ambapo "macho" hayawezi. Lakini hoja hiyo huhusu tu neno lililo mwishoni mwa kipande au mwa mshororo. Neno likiwa katikati ya kipande, mahali ambapo hapana kina, hoja hiyo nayo huanguka. Kwa hiyo mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kuandika "mshairi ametumia lahaja ili kutosheleza mizani" amemfundisha jambo ambalo mwanafunzi mwenyewe, kwa kuhesabu vidole, angeweza kulikanusha.

Hatukatai kwamba yapo maumbo ya lahaja yanayobadilisha hesabu. "Yuwaja" ina mizani mitatu, na "anakuja" ina minne. Mtunzi anayezimiliki njia zote mbili aweza kuchagua ile inayomfaa. Hapo uteuzi upo, na sababu ya mizani yaweza kuwa ya kweli. Tunachokipinga ni desturi ya kuitoa sababu hiyo kabla ya kuhesabu.

Hali ya inkisari ni hiyo hiyo. Mara nyingi maneno kama "mwanangu", "mwenzio", "mamaye" na "nduguze" huorodheshwa kuwa ni mikato ya kishairi. Basi tujiulize: Shaaban Robert alipokiita kitabu chake Adili na Nduguze, mwaka 1952, alikuwa akihesabu mizani? Kitabu hicho ni hadithi ya nathari. Na Abdilatif Abdalla alipouandika waraka wa kisiasa wa mwaka 1968 ulioitwa Kenya: Twendapi?, je, umbo la "twendapi" lilikuwa ni la uhuru wa mshairi? La hasha. Haya ni maumbo ya kawaida ya Kiswahili, yaliyoko sokoni na majumbani, ambayo kwa bahati mbaya mwanafunzi wa leo hukutana nayo kwa mara ya kwanza katika darasa la ushairi na kwa hiyo hudhani kwamba makao yake ni humo tu.

Hata mazida yanahitaji uangalifu. "Afiya" huambiwa ni "afya" iliyorefushwa. Kwa kweli "afiya" ndiyo iliyo karibu zaidi na asili yake ya Kiarabu, na "afya" ndiyo iliyofupishwa. "Enenda" nayo huhesabiwa kuwa ni "nenda" iliyoongezwa silabi, ambapo umbo hilo limo katika nathari ya tafsiri za Biblia. Mshairi anayeyatumia maumbo haya huenda amefuata mapokeo ya kale, na hakuongeza kitu chochote.

5. Umbo moja, thamani nne

Tukishaondoa dhana ya kwamba lahaja ni ukiushi kwa asili yake, ndipo tunapoweza kuuliza swali la kimtindo lenye maana: umbo fulani la lahaja lina thamani gani katika matini fulani? Jibu letu ni kwamba umbo lile lile laweza kuwa na thamani mbalimbali, kulingana na kaida iliyomzunguka mtunzi na njia zilizokuwa wazi mbele yake. Tutalichukua neno "mato" na kulifuata katika hali nne.

Hali ya kwanza ni ile ya Muyaka. Neno hili ndilo neno la kawaida la mji wake. Kwa hiyo halina uzito wa kimtindo kwa kuwa ni la Kimvita. Mhakiki anayetafuta mtindo wa Muyaka na autafute kwingine: katika namna anavyoujenga mshangao wa mshororo wa mwisho, katika tashtiti zake, katika kulirudia neno moja kwa maana tofauti tofauti.

Hali ya pili ni ya mshairi wa Mombasa aliyeandika baada ya usanifishaji. Abdilatif Abdalla alifungwa kutoka mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya ule waraka tulioutaja, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Lugha yake ni Kimvita. Kufikia wakati huo Kiswahili sanifu kilikuwa kimetawala shule, magazeti na mashirika ya uchapishaji kwa zaidi ya miaka 40. Hapa uteuzi ulikuwapo. Mtunzi angaliweza kuandika kwa sanifu, naye akashika lahaja ya kwao, lahaja ya mapokeo ya akina Muyaka. Uteuzi huo huyafunga mashairi yake na mji, na ukoo wa ushairi, na sauti ya mtu anayezungumza na walio wake kutoka mahali alipotengwa nao. Ni uteuzi wa matini nzima, na kazi yake ni ya matini nzima. Jambo hili linamhusu pia Ahmad Nassir, ambaye diwani yake iliyotoka mwaka 1971 inalitaja jina la mji katika anwani yake: Malenga wa Mvita.

Hali ya tatu ni ya mshairi ambaye hakuzaliwa ndani ya lahaja hiyo. Yajulikana kwamba washairi wa Mrima na wa bara walirithi maneno ya kaskazini kama sehemu ya msamiati wa ushairi. Mtunzi wa namna hii anapoliingiza "mato" katika shairi ambalo mengine yote ni ya sanifu, neno hilo hujitokeza. Kwake si neno la nyumbani bali ni neno la mapokeo. Hubeba heshima ya ukale, kama vazi la sherehe. Hapa ndipo dhana ya ukiushi inapofaa barabara, kwa sababu kaida ya shairi lenyewe imekwisha kuwekwa, na neno moja limetoka nje yake. Hapa pia ndipo mhakiki anapokuwa na haki ya kuhukumu. Ukale huo waweza kuwa umeitumikia maana, au waweza kuwa pambo tupu.

Hali ya nne ni ya tamthilia au riwaya ambamo msimulizi anatumia sanifu, na mhusika mmoja akasema "mato". Neno hilo sasa lamtambulisha mhusika: atokako, umri wake, pengine tabaka lake. Thamani yake imetokana na tofauti baina ya sauti mbili ndani ya kitabu kimoja.

Neno ni moja, herufi ni zile zile, lakini mtindo ni mbali mbali. Orodha ya tamathali na mbinu haiwezi kuzitenganisha hali hizi nne, kwa maana katika orodha zote zitaandikwa "lahaja" basi. Maswali yetu matatu, juu ya kaida, uteuzi na kazi, huzitenganisha bila taabu kubwa.

6. Takriri na vina vya sarufi

Kanuni ya uteuzi ina faida nyingine, nayo ni kutuzuia tusiuone mtindo mahali ambapo haupo. Vitabu vingi vya mitindo vimeandikwa kwa kuzitazama lugha za Ulaya, na mbinu zinazoelezwa humo haziwezi kuhamishwa kuja katika lugha ya Kibantu bila kupimwa.

Tazama sentensi hii: "Vitabu vile vyetu viwili vizuri vimepotea." Sauti ya v imerudiwa mara sita. Mhakiki aliyesoma kwamba takriri ya konsonanti ni pambo la ushairi atafurahi sana; lakini msemaji hakuwa na hiari. Ngeli ya nomino imeilazimisha sentensi nzima. Palipo na lazima hapana uteuzi, na pasipo uteuzi hapana mtindo. Sasa linganisha na hii: "Mzee alitembea taratibu, tena kwa tabu, akitafuta tawi la kutegemea." Sauti ya t imo katika mizizi ya maneno, na msemaji angaliweza kusema: "Mzee alikwenda polepole, tena kwa shida, akisaka fimbo ya kujikongojea." Hapa takriri ni tunda la hiari. Kwa hiyo twaweza kupendekeza kanuni nyepesi: katika Kiswahili, takriri ya viambishi vya upatanisho isihesabiwe, takriri ya mizizi ndiyo ihesabiwe.

Vina navyo vina madaraja. Mishororo minne inayoishia kwa "pendana", "gombana", "tazamana" na "saidiana" ina kina cha -na, lakini kina hicho kimetolewa na kiambishi kimoja cha kutendana. Ikilinganishwa na mishororo inayoishia kwa "bahari", "tayari", "subiri" na "hatari", utaona kwamba katika hii ya pili mtunzi ameyakutanisha maneno ya aina mbalimbali ambayo hayana undugu wa kisarufi. Vyote ni vina sahihi kwa sheria za utunzi, kama zile zilizoandikwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954. Lakini sikio lililozoea ushairi halivipimi sawa, na elimu ya mitindo hulieleza sikio hilo sababu ya hukumu yake.

Kinyume chake, yako mahali ambapo upatanisho wenyewe hutoa hiari, na mahali hapo mara nyingi hupuuzwa. Twaweza kusema "yule kipofu amekuja" au "kile kipofu kimekuja". "Mtu yule ameingia" au "jitu lile limeingia". Hapa ngeli imegeuka kuwa mizani ya heshima na dharau. Mwandishi anayemhamisha mhusika wake kutoka ngeli ya watu hadi ngeli ya vitu, kisha akamrudisha, amesema jambo kubwa bila kuongeza kivumishi hata kimoja. Mbinu ya namna hii haimo katika vitabu vya mitindo vya Kiingereza wala vya Kifaransa, kwa sababu lugha hizo hazina ngeli kama zetu. Ni wajibu wa idara zetu za lugha za Kiafrika kuziandikia sura hizo.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza yaweza kutoka kwa washairi wenyewe. Watasema kwamba uhuru wa mshairi ni jambo la kale, na kwamba wao wanaujua na kuutumia. Nasi hatuukani. Mshairi anapoandika "wangu moyo" badala ya "moyo wangu", hakika ameuacha mpangilio wa kawaida. Lakini hata hapa, kusema "ameboronga sarufi" ni kuanza maelezo tu. Mizani ni minne kwa minne. Kwa hiyo sababu si mizani. Je, ni kina? Kama neno "moyo" limewekwa mwishoni ili lioane na "choyo" na "kiwiliwili" hakimo katika kina hicho, tumepata jibu moja. Kama hakuna kina hapo, basi huenda mtunzi alitaka umiliki utangulie, "wangu" wala si wa mwingine. Hilo ni jibu la pili. Uhuru ni jina la mlango; mhakiki atueleze mshairi alipita mlangoni kwenda wapi.

Pingamizi ya pili imetolewa na wahakiki wa nadharia, na Stanley Fish aliieleza kwa ukali mwaka 1973. Yasema kwamba wanaisimu huorodhesha maumbo, kisha huruka kutoka kwenye umbo hadi kwenye maana bila daraja. Mtu aliyekwisha kuamua shairi lina huzuni ataiona huzuni katika kila kitenzi. Onyo hili ni la haki. Njia ya kujikinga, kwa maoni yetu, ni kubadilisha: liondoe umbo linalochunguzwa, utie mwenzake, kisha uulize ni nini kilichopotea. Kama hakuna kilichopotea, umbo hilo lilikuwa la kawaida tu. Kama kimepotea kitu, kitaje kwa jina. Jaribio hili halimwondolei mhakiki hisia zake, bali humlazimisha azilipie ushahidi.

8. Hitimisho

Tumeshikilia kwamba ukiushi hauwezi kutajwa kabla ya kuitaja kaida, na kwamba kaida ya ushairi wa Kiswahili si moja. Maumbo ya Kimvita, Kiamu na Kipate katika tungo za kabla ya usanifishaji si makosa yaliyosamehewa. Ni sarufi kamili ya wakati wake na mahali pake. Katika tungo zilizokuja baadaye maumbo hayo yaweza kuwa uteuzi wenye uzito mkubwa, na uzito huo hupimwa kwa kuitazama matini moja moja.

Jambo hili lina athari katika kazi zetu za kila siku. Mhariri anayelisahihisha "mato" kuwa "macho" katika toleo jipya la diwani ya kale aweza kuvunja kina na kufuta ushahidi wa lahaja kwa kalamu moja. Mtahini anayetoa alama kwa jibu la kwamba lahaja imetumika ili kutosheleza mizani, bila ya mizani kuhesabiwa, anatoa alama kwa jambo lisilo kweli. Na lililo zito zaidi ni la mwanafunzi wa Mombasa au wa Lamu ambaye nyanya yake husema "ndoo" na "mato" kila asubuhi. Mwanafunzi huyo akiambiwa darasani kwamba maneno haya ni sarufi iliyovunjwa kwa ruhusa ya washairi, atatoka na mawili: kwamba nyanya yake hajui kusema, na kwamba ushairi ni mahali pa kusamehewa makosa. Yote mawili ni ya uongo.

Pendekezo letu ni dogo. Katika kufundisha ushairi, orodha ya inkisari, mazida, tabdila na lahaja isiwe ndiyo mwisho wa somo. Kila umbo lililoorodheshwa na lifuatwe na maswali matatu: limepimwa kwa kaida ya nani, mtunzi alikuwa na njia gani nyingine, na lingeondolewa ni nini kingepotea. Maswali hayo hayahitaji vifaa wala istilahi ngumu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuyajibu, na mtafiti wa chuo kikuu aweza kuyafanyia kazi kwa miaka mingi.